Vitabu Vilivyozidi Kabati

Haya hayakutokea kwetu. Naanza na hilo ili msomaji akae kitako kwa amani, na mimi nami nilale kwangu. Yalitokea katika nchi ya mbali sana, ambayo jina lake limebadilishwa mara nyingi mpaka wenyeji wakitaka kuitaja husema "hapa petu" basi. Nchi hiyo ina Mtukufu Mlezi, ina mawaziri, na ina barabara zinazofungwa kila mmoja wao anapotaka kupita. Kwetu, kama tujuavyo sote, mambo ni tofauti kabisa.

Mtukufu Mlezi alialikwa ng'ambo, na mwenyeji wake akampeleka kwenye chumba cha vitabu ili wapigwe picha. Vilikuwa vitabu vikongwe vya ngozi, vimetiwa nakshi za dhahabu mgongoni, vimesimama safu moja kama askari wa gwaride. Mtukufu Mlezi hakufungua hata kimoja, kwa sababu ya adabu. Lakini picha ilipotoka gazetini aliitazama sana na roho ikamuuma. Aliporudi, hapo hapo uwanja wa ndege, kabla ngoma hazijanyamaza, alitamka kwamba nchi isiyo na vitabu vikongwe haiwezi kupata maendeleo mapya, na kwamba ifikapo Sikukuu ya Taifa anataka avione vya nchi yake navyo vimesimama.

Wizara ya Ukale na Maendeleo iliundwa kabla hajafika kwenye gari. Akakabidhiwa Mheshimiwa Sambuli, aliyekuwa Waziri wa Maji, ambaye alikuwa na nafasi kwa kuwa maji hayakuwapo.

Waziri Sambuli hakuanza na vitabu. Alianza na kabati. Mafundi walipewa ile picha ya gazeti wapime humo, na kwa bahati mbaya Mtukufu Mlezi alikuwa amesimama mbele ya rafu. Rafu ilianzia kwenye mkanda wake wa suruali na kuishia kwenye mfuko wa koti wa kifuani. Fundi mkuu akaona si adabu kumpunguza wala kumzidisha kiongozi, akaenda Ikulu kupima mkanda na mfuko wenyewe. Sasa Mtukufu Mlezi ni mtu mfupi, jambo ambalo wananchi hawalijui, maana hupigwa picha kutoka chini. Fundi aliona, akapima, akanyamaza, akachonga.

Kabati likatoka zuri kwelikweli, la mninga, limejaa ukuta mzima wa Ukumbi wa Taifa. Likazinduliwa likiwa tupu. Utepe ulikatwa, stempu zikachapishwa zenye sura ya kabati lenyewe, na watoto wa shule wakaliimbia wimbo wenye beti nyingi. Toka siku hiyo likaitwa Kabati la Taifa, na kulisema vibaya likawa kosa la kutajwa mahakamani.

Basi katika mji mkongwe wa nchi hiyo alikuwako mtu mmoja, Mzee Badi Shekuwe, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye maisha yake yote aliyatia kwenye vitabu vya zamani. Alivipata kwenye mabanda ya kuku, kwenye masanduku ya marehemu, nyuma ya maduka ya viungo ambako vilingoja kuchanwa vifungiwe pilipili manga. Akikishika kitabu, kwanza alikinusa. Kisha alipapasa ngozi ajue ni ya mbuzi au ya kondoo, akatazama mshono wa mgongoni, akaukunjua ule ulimi, yaani kipande cha ngozi kinachofunika ukingo wa kurasa usiingie vumbi, akapitisha kidole kwenye nyota iliyogandamizwa katikati ya jalada. Ndipo akafungua. Mkewe, Bi Zaituni, kila jioni alihamisha vitabu kitandani apate pa kulala, na aliwaambia mashoga zake kwamba yeye ameolewa ukewenza na mbuzi waliokufa.

Vitabu vya mji ule vilikuwa na jambo lao. Washonaji wa zamani waliacha pambizo pana sana, juu, chini na ubavuni, na waliziacha kwa makusudi. Desturi ilikuwa kwamba kila anayesoma ana haki ya kumjibu aliyeandika. Akikubali, aandike pembeni kwamba amekubali. Akikataa, aandike sababu. Mjukuu alikuja akamjibu babu, na jirani aliyeazima akawajibu wote wawili. Kurudisha kitabu cha watu bila kuandika neno kulihesabiwa utovu wa adabu, sawa na kula kwa mtu kisha ukaondoka kimya.

Kitabu ambacho Badi alikipenda kuliko vyote kilishonwa na mama yake, Bi Rahema, mshonaji wa mwisho wa mtaa ule. Kilikuwa kitabu cha nyota na majira, kirefu, cha ngozi nyekundu. Badi alipokuwa mdogo aliona humo kwamba mvua za vuli zimeandikwa mahali pasipo pake, akachukua kalamu akaandika pambizo ya chini, kwa herufi kubwa za kitoto: "Hapa kitabu kimekosea." Halafu akaogopa, akangoja kiboko. Mama yake alisoma, akachukua kalamu ile ile, akaandika chini yake: "Basi usinyamaze, mwanangu. Nafasi nimekuachia."

Bi Rahema alifariki zamani. Hakukubali kupigwa picha hata mara moja, kwa hiyo Badi hakuwa na sura yake. Alikuwa na mstari ule, na alipomkumbuka alifungua ukurasa ule, akautazama, akaufunga. Hakuna kitu duniani alichokiogopea kama kuupoteza.

Waziri Sambuli alifika kwa Badi na msafara wa magari ambao haukuenea kichochoroni, ikabidi aje kwa miguu huku ving'ora vikimlilia nyuma.

"Mzee wangu," alisema akiketi, "taifa limekutafuta kwa muda mrefu."

"Nilikuwa hapa hapa, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana hatukukupata. Sasa sikiliza. Wewe kuanzia leo ni Msimamizi Mkuu wa Ukale. Una kiti ukumbini, na kofia inashonwa."

Tusimcheke Badi. Miaka yote ile watoto wa mtaa walimwita Panya Karatasi, na wenzake waliostaafu naye walimhurumia waziwazi. Leo dola nzima imekuja mlangoni kusema kwamba vitabu vina thamani. Alifurahi mpaka akashindwa kula, na akamwambia Bi Zaituni kwamba laiti mama angekuwa hai.

Tangazo likatoka. Kila mwenye kitabu kikongwe akilete kwa hiari yake, na asiyekuwa na hiari atasaidiwa kuipata. Vitabu vikaja kwa mikokoteni, vingine vimefungwa kwenye mashuka, vingine vikifuatwa na wenyewe wakilia. Badi alivipokea kwa mikono miwili, akiwaambia watu wasiwe na wasiwasi, hapa vitatunzwa kuliko mlivyovitunza nyie. Alivipangusa, akavipaka ngozi mafuta. Siku ya kuvipanga, Waziri mwenyewe akachukua cha kwanza, akakisimamisha kwenye rafu.

Hakikuingia. Akajaribu cha pili, nacho kikagonga juu. Ukumbi mzima ukainua macho darini, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuona.

Tume ikaundwa palepale. Ikanywa chai, ikatoa ripoti. Kabati limekwisha kuzinduliwa, ilisema ripoti, kwa hiyo haliwezi kuwa fupi. Kilichobaki ni kwamba vitabu vimerefuka, ama kwa unyevunyevu ama kwa ukaidi, na virudishwe kwenye kimo cha taifa.

"Mheshimiwa," Badi alisema, "vilazwe tu. Kitabu kikilala kinaenea, na wala hakiumii mgongo."

"Pichani vilisimama, Mzee wangu. Unataka Mtukufu Mlezi aje avikute vimelala mchana?"

"Lakini ukikata juu na chini, unakata pambizo. Na humo ndimo watu walimoandika."

"Waliandika nini?"

"Walikataa, hasa."

"Walikataa nini?"

"Chochote walichokisoma. Yupo mmoja amemkataa baba yake mzazi kitabu kizima, mwanzo hadi mwisho, kwa heshima lakini."

Waziri Sambuli akavuta kiti akakaa. Akauliza kwa sauti ya chini kama mambo hayo yamekuwa majumbani mwa watu muda wote huo bila serikali kuwa na habari. Badi akasema ndiyo, ni desturi. Waziri akapangusa jasho, akasema kwamba Mungu ana siri zake, kumbe fundi wa kabati aliongozwa.

Mashine ya kukatia karatasi ikaletwa kutoka kiwanda cha chapa cha serikali, pamoja na vijana waliohamishwa kutoka Wizara ya Maji. Walikamata vitabu wakavikata na ngozi zake pamoja. Majalada yakapasuka, mishono ikafumuka, nyota zikatoka vipande. Badi alisimama pale na kofia yake mpya, akitazama. Ndipo Waziri akamshika bega, akamvuta kando.

"Wafundishe," alisema. "Vitakatwa, ufundishe usifundishe. Wewe unachagua tu vikatwe vizuri au vibaya. Na kile cha mama yako, habari zake ninazo, kitabaki kwako nyumbani. Sitakigusa. Hilo ni neno langu mimi kama Waziri."

Badi alifikiri. Aliona ngozi za watu zikiraruka, akaona na mstari wa mama yake uko salama chini ya mto wa kitandani. Akajiambia kwamba anaokoa kile kinachoweza kuokolewa. Maneno hayo ni mazuri na hata huku kwetu yangetumika, kama tungekuwa na mambo ya namna hiyo.

Akawafundisha. Lowesha gundi kwa kitambaa chenye majimaji, usiiharakishe. Bandua ngozi kwa kisu butu. Panga kurasa zilingane, kata kwa pigo moja bila kurudia, pita karibu na maandishi ya katikati lakini usiyaguse. Punguza ubao wa jalada, rudisha ngozi, gandamiza. Vijana walikuwa wepesi wa kuelewa. Vitabu vikaanza kuingia kabatini, vizuri, vya kung'aa, vyote kimo kimoja, ila kila nyota ya jalada ilikosa ncha ya juu na ya chini. Sakafuni vipande vya pambizo vilijaa mpaka vikafika magotini.

"Baba Mwaka," Bi Zaituni alimwambia mumewe jioni moja, "zamani ulikuwa ukirudi unanukia vitabu. Siku hizi wanuka gundi."

"Kazi nyingi."

"Sikuuliza kama kazi ni nyingi."

Kati ya waliokuja ukumbini alikuwamo Bi Mwanashee wa Mtaa wa Juu, mama wa makamo ya mama yake Badi, aliyemjua tangu anatambaa. Hakutuma mtu. Alikibeba kitabu chake mwenyewe, akakiweka mezani, na mkono hakuuondoa.

"Mwanangu Badi, nimesikia mnakata."

"Tunapunguza kidogo, mama. Ngozi haiguswi, nitaisimamia mwenyewe."

"Ngozi nitaifanyia nini? Humu pembeni mna marehemu mume wangu. Tuligombana humu miaka mingi. Mambo tusiyoweza kuambiana mbele ya watoto tuliandikiana humu. Nimekuja kukuomba, wewe unajua kitabu ni nini, hiki kikae. Sema neno moja tu kwa huyo Waziri wako."

Waziri alikuwa mle mle ukumbini, akipima nyota zilizokosa ncha kwa macho ya kuridhika. Badi alimtazama. Akapiga hatua moja kumwendea. Halafu akakumbuka kile kilichokuwa chini ya mto wake, na akaona kwamba akimwombea mmoja atawaombea wote, na akiwaombea wote ahadi yake imekwenda.

"Pambizo si kitabu, mama," alisema. "Kitabu ni kile cha katikati."

Bi Mwanashee akauondoa mkono, akajifunga leso vizuri, akaondoka. Badi akakichukua kitabu akakipeleka kwenye mashine mwenyewe, kwa sababu alitaka angalau kikatwe vizuri. Aliona aibu, na aibu ile hakuiambia mtu.

Asubuhi ya Sikukuu ya Taifa, Badi alitangulia ukumbini na kofia yake. Kabati lilikuwa limejaa isipokuwa pengo moja katikati, mahali pa heshima, ambapo Mtukufu Mlezi angeweka kitabu kwa mkono wake mbele ya kamera. Waziri alitaka kiwe kizuri kuliko vyote. Kwa hiyo gari lilikwenda kwa Badi, na kijana akabisha hodi, akamwambia Bi Zaituni kwamba mzee ameagiza kile chekundu, anataka kuwaonyesha wageni. Bi Zaituni alishangaa, maana mumewe hata yeye alikuwa hamwachii akishike. Lakini ni serikali na ni mume, akakifunga kwenye kanga safi akakitoa.

Badi alikuwa nje akipokea wageni, na aliporudi ndani alikikuta mezani pembeni ya mashine. Ngozi nyekundu ilikuwa ikimeremeta. Nyota haikuwa na ncha. Alifungua ukurasa wa vuli, na chini ya maandishi karatasi iliishia hapo hapo.

"Kazi safi, Mzee," alisema mmoja wa vijana. "Pigo moja, kama ulivyotufundisha."

"Waziri aliahidi," Badi alisema.

Waziri Sambuli alikuwa akifungwa tai. "Nilikuahidi kitabaki nyumbani, na nilikuwa mkweli. Lakini kitabu chenyewe kimeitwa na taifa. Ningemkatalia mama yako heshima hiyo?"

Badi akauliza vipande viko wapi. Hakuna aliyejua, na hapo ndipo ilipoingia habari ya maua.

Maua ya kumrushia Mtukufu Mlezi yalikuwa njiani kwenye lori. Lakini barabara ilifungwa tangu alfajiri ili msafara wa Mtukufu Mlezi upite, na askari hawakuruhusu lori, wakisema barabara imefungwa kwa ajili ya sherehe. Dereva akasema yeye ndiye sherehe, wakamweka ndani. Kamati ya Shangwe ikahaha. Mtu mmoja, ambaye baadaye hakupatikana jina lake, akakumbuka lile lundo la makaratasi ukumbini. Wakayakatakata vipande vidogo, wakayajaza kwenye magunia, wakayapandisha roshani zote za uwanja.

Mtukufu Mlezi alishuka garini, akaweka kitabu chekundu kwenye pengo lake, kikaingia sawasawa, watu wakapiga makofi. Akatoka nje kuhutubia uwanja. "Wananchi," alisema, "leo tumeuthibitishia ulimwengu kwamba sisi tunasoma." Magunia yakafunguliwa, na karatasi nyeupe zikaanza kushuka juu ya vichwa vya watu.

Watu wa nchi hiyo wamelelewa kwamba karatasi yenye maandishi haikanyagwi. Kila iliyomwangukia mtu aliidaka, na aliyeidaka akasoma, na alipoutambua mkono, yaani mwandiko, kuwa wa mtu wake akapaza sauti. "Huyu ni babu," alisema mmoja. "Anasema, mwandishi hakufika huko anakokueleza." Mwingine akasoma, "Sikubali, na wala simwogopi." Kipande kimoja kiliwafikia wanafunzi wa shule ya msingi mbele kabisa, nao kwa kuwa walizoezwa kusoma kwa pamoja, wakasoma kwa pamoja: "Maneno matamu, lakini watu wana njaa." Mtukufu Mlezi alidhani ni risala, akapunga mkono.

Askari waliamriwa wakamate walioandika. Wakauliza, wakaambiwa wote wamekufa. Wakaandika kwamba watuhumiwa hawapatikani. Kabla jua halijapanda sawasawa redio ilitangaza kwamba ni marufuku kusoma takataka, na kwamba mwenye takataka yoyote yenye maandishi airudishe chini ilipoangukia.

Badi hakusikia redio. Alikuwa akitembea uwanjani kofia mkononi, akiinama, akiokota, akitazama, akimpa aliye karibu naye, akiinama tena. Alikipata kimoja. Herufi kubwa za kitoto zilikuwa zimekijaza ukingo hadi ukingo: "Hapa kitabu kimekosea." Chini yake hapakuwa na kitu, kimekatwa. Akawa anawauliza watu, mmoja mmoja, kama wameona mkono wa Bi Rahema, na wengine waliomjua walimgeuzia mgongo.

Bi Mwanashee alikuwa amekaa kwenye ngazi za mnara wa uhuru, leso yake imetandazwa mapajani, imejaa vipande. Alikuwa akivipanga. Badi akasimama mbele yake.

"Mama, samahani. Natafuta..."

"Ninacho," alisema. Akakitoa kimoja, akakisogeza mbali na macho apate kukiona. "'Basi usinyamaze, mwanangu. Nafasi nimekuachia.' Ni mkono wa Rahema huu. Nilimjua akiandika."

Badi akanyoosha mkono. Bi Mwanashee hakumpa.

"Karatasi hii ulikuwa ukiisoma tangu lini?"

"Tangu utoto."

"Na siku ile nilipokuja kwako, ulikuwa umeisoma?"

Badi akaurudisha mkono.

"Mimi wa kwangu sijampata hata herufi moja," Bi Mwanashee alisema. "Nitakaa hapa mpaka nimpate, au mpaka waje kunitoa." Akakifunga kile kipande kwenye pindo la leso, pamoja na vya watu wengine, akarudi kwenye kupanga kwake. "Ukitaka, kaa uchambue. Cha kwako nitakupa ukishamaliza vya wenzako."

Askari walikuwa wakija kutoka upande wa ukumbi, wakipaza sauti kwamba vipande virudishwe chini. Badi akakaa kwenye ngazi. Alitaka kusema neno, kwa Bi Mwanashee, kwa mama yake, kwa uwanja mzima. Akatoa kalamu mfukoni. Akakigeuza kile kipande chake huku na huku akitafuta pa kuandika. Mkato ulikuwa safi, wa pigo moja, umepita karibu kabisa na herufi, kama alivyowafundisha, na nafasi haikubaki.